Jino Linalozaliwa Kubwa

Kofia ya jino iliyotengenezwa kwa zirikonia, ikitoka kwenye mashine ya kuchonga, haimfai mtu yeyote. Ni kubwa kupita kinywa, imezidi kila upande kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Ni nyeupe isiyo na uhai. Ni laini pia: ukiikwaruza kwa kucha inatoa unga, na ukiibana vibaya kati ya vidole viwili inavunjika. Fundi anaikata taratibu kutoka kwenye vishikizo vilivyoifunga ndani ya diski, anasawazisha makovu ya vishikizo hivyo kwa raba laini, anaifuta vumbi kwa brashi, anailaza juu ya shanga ndogo ndani ya bakuli la tanuri, anafunga mlango na kwenda zake nyumbani. Usiku kucha joto linapanda polepole hadi nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi, linatulia hapo, kisha linashuka polepole vilevile. Asubuhi anakuta kofia ndogo, ngumu kiasi kwamba hakuna tupa ya chuma itakayoitia alama, na inakaa juu ya kisiki cha jino kwa uwazi ambao jicho tupu halioni.

Katika maabara za meno, kinachonishika si mashine. Ni utulivu wa mtu anayeshughulika kutwa na vitu vyenye ukubwa usio wao, rangi isiyo yao na ugumu usio wao, akijua kila kimoja kimepotoka kwa kiasi gani hasa na moto utakirudisha wapi.

Kila diski ya zirikonia huja na nambari yake, moja nukta mbili na ushei, na nambari hiyo ndiyo inayoiambia programu ikuze kofia mara ngapi. Haifanani kutoka diski moja hadi nyingine. Unga wa zirikonia hushindiliwa kiwandani, ukachomwa nusu tu ili ushikamane, na kila mzigo hutoka na msongamano wake. Fundi akibadilisha diski akasahau kubadilisha nambari, mashine itachonga kwa uaminifu uleule. Tuseme diski inataka 1.235 na programu imebaki na 1.225. Juu ya kisiki cha gego chenye upana wa milimita 8, tofauti hiyo inafika mikroni 65, karibu unene wa unywele mmoja. Kofia itabana kabla ya kufika chini. Makosa yakienda upande wa pili, itapwaya. Mwaka 1971, baada ya kupima kofia na vijazio zaidi ya 1,000, McLean na von Fraunhofer waliandika katika jarida la madaktari wa meno la Uingereza kwamba uwazi usiozidi mikroni 120 ukingoni mwa jino unaweza kuvumilika. Kipimo hicho kinatajwa hadi leo. Fundi anayejiheshimu hataki kufika hata nusu yake.

Wanawake wafinyanzi wa Kisi, kandokando ya Ziwa Nyasa, wangemwelewa fundi huyu bila kuelezwa, maana nao hufinyanga wakijua kwamba kinachotoka motoni ni kidogo kuliko kilichoingia. Ila chungu kikinywea kupita kiasi bado kinapika mchuzi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini zirikonia isichongwe ikiwa imeshaiva, mambo yakaisha. Iliwahi kuchongwa hivyo. Ncha za almasi zililika upesi, na kofia moja ilikula muda mrefu mno wa mashine. Ugumu wenyewe una asili yake, na asili hiyo inastahili kusimuliwa. Mwaka 1975 watafiti watatu nchini Australia, Garvie, Hannink na Pascoe, walichapisha katika jarida la Nature makala fupi ambayo kichwa chake kiliuliza kama kuna kauri iliyo feleji. Kauri ya kawaida huuawa na ufa: ufa ukianza, unakimbia hadi mwisho, kama kila aliyewahi kuangusha sahani anavyojua. Zirikonia iliyotiwa kiasi kidogo cha itria ina fuwele zilizozuiliwa katika umbo ambalo kwa joto la kawaida zisingekuwa nalo. Ncha ya ufa ikizifikia, zinafunguka na kurudi katika umbo lao la baridi, ambalo ni kubwa zaidi kwa asilimia 4 hivi, na kwa kuvimba huko zinaubana ufa ukaishia palepale. Mgonjwa anayeambiwa bei ya kofia ya zirikonia angeambiwa na habari hii pia, huenda angelalamika kidogo tu.

Malighafi ya zirikonia ni zirikoni, mchanga mzito unaopatikana pwani nyingi za dunia, zikiwemo zetu. Kule Kwale, kusini mwa Mombasa, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wa namna hiyo kuanzia mwaka 2013 hadi mwisho wa 2024, ikatoa ilmenaiti, rutili na zirikoni, na kuvisafirisha kupitia gati la Likoni. Zirikoni nyingi duniani huishia kwenye vigae vya sakafu na bafu. Meno huchukua chembe tu.

Kabla ya diski kulikuwa na nta. Mwaka 1907 daktari wa meno wa Chicago, William Taggart, alisimama mbele ya wenzake mjini New York akawaonyesha namna ya kusubu dhahabu ikaingia sawasawa kwenye tundu la jino. Njia yenyewe masonara waliijua kwa maelfu ya miaka: chonga nta, izungushie udongo, ichome itoke, mimina madini mahali ilipokuwa. Taggart alijaribu kuimiliki kwa hati ya uvumbuzi, akafika hadi mahakamani kudai ada kwa madaktari wenzake, akashindwa, kwa kuwa daktari mmoja wa Iowa aitwaye Philbrook alikuwa ameshaieleza miaka kama 10 kabla yake. Kesi ilisahaulika. Taabu aliyowaachia mafundi haikusahaulika: dhahabu ikiganda hunywea kwa asilimia moja na nusu hivi. Kwa pete si neno. Kwa kofia inayotakiwa kukaa juu ya jino hai, ni kazi iliyoharibika.

Dawa ikawa kutafuta udongo wa kalibu unaovimba. Ndani yake kuna silika, ambayo ikipata joto hutanuka, hivyo madini yanapomiminwa yanakuta nafasi kubwa kuliko nta iliyokuwepo, na yakipoa yanarudi kwenye kipimo. Fundi alikuwa na mikono mingi ya kuuvuta uvimbe huo huku na huko. Alizidisha maji maalumu ya kuchanganyia au akayapunguza makali kwa maji ya kawaida. Alitandika karatasi laini ndani ya pete ya kalibu ili udongo upate pa kusogea. Alibadilisha joto la tanuri kulingana na madini, kwa sababu kobalti na kromu hunywea kuliko dhahabu. Na kabla ya kuweka hata tone moja la nta, alipaka kisiki cha plasta rangi nyembamba, tabaka juu ya tabaka, akiishia kama milimita moja kabla ya ukingo, ili simenti ije ipate mahali pa kukaa. Hakuna chombo hata kimoja katika maabara hiyo ya zamani kilichokuwa na ukubwa wa kweli. Vyote vilikuwa uwongo uliopimwa.

Hii ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema kompyuta imeingiza fikra ngeni katika kazi hii. Mafundi wamekuwa wakiukadiria moto kwa zaidi ya miaka 100. Kilichobadilika ni mahali pa kukadiria.

Uchongaji wa nta ulikuwa na uzuri wake, nami sitaupunguza. Mafundi wengi walifunzwa kwa vyombo vitano vidogo vinavyoitwa kwa jina la Peter Thomas, daktari wa Marekani: kimoja cha kuweka tone, kingine cha kulivuta, vingine vya kuchonga na kulainisha. Gego halikuchongwa kutoka kwenye bonge. Lilijengwa. Kwanza vikaja vinara vya nta mahali pa kila ncha, vinne au vitano, vikasimama peke yake juu ya kisiki. Taya mbili za plasta zikafungwa na kufunguliwa kwenye mashine inayoigiza mwendo wa kinywa, kuhakikisha vinara havigongani vibaya. Ndipo yakashuka matuta kutoka kila ncha kuelekea katikati, na mabonde kati ya matuta yakajitokeza yenyewe. Aliyejifunza hivyo anajua kila bonde la gego lina sababu.

Lakini watu wanaoililia nta husahau vumbi lake. Udongo wa kalibu uliojaa silika, mashine za kupulizia mchanga, unga wa madini yanayosuguliwa, vyote viliingia mapafuni. Mwaka 2004 kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa kilichapisha taarifa ya wafanyakazi 9 wa maabara za meno, katika majimbo matano, waliopata silikosisi, ugonjwa ambao tumezoea kuuhusisha na wachimba migodi. Mashine ya kuchonga nayo hutoa vumbi, na maabara isiyo na kifaa cha kulifyonza inajidanganya, lakini fundi hakai tena na pua juu yake.

Fikra ya kuleta kompyuta ilianza mbali na mafundi. Mfaransa François Duret aliandika tasnifu yake mwaka 1973 kuhusu kuchukua kipimo cha meno kwa mwanga, bila kumjaza mtu kinywa uji wa kugandisha. Novemba 1985, kwenye mkutano wa madaktari wa meno mjini Paris, alitengeneza kofia mbele ya hadhira, mgonjwa akiwa mke wake mwenyewe. Ndoa ina mitihani mingi. Miezi miwili kabla, tarehe 19 Septemba, huko Zurich, daktari Werner Mörmann na mhandisi Marco Brandestini walikuwa wameshamtibu mgonjwa wa kwanza kwa mashine yao iliyokaa ubavuni mwa kiti cha daktari. Mashine hiyo ilichonga kuta na sakafu ya kijazio, lakini sehemu ya juu, inayotafuna, haikuiweza. Daktari aliichonga kwa mkono ndani ya kinywa cha mgonjwa. Yaani ile sehemu ambayo fundi wa nta aliijenga kwa nusu siku ndiyo iliyoachwa na mashine ya kwanza.

Aliyeifikiria maabara hasa, kwa maoni yangu, ni Matts Andersson wa Sweden. Yeye hakutaka mashine kwa daktari. Alitaka kazi ngumu ya kiwanda ifanyike kiwandani, na fundi abaki na jicho lake. Katika mfumo wake, Procera, fundi alikizungusha kisiki cha plasta kwenye kifaa chenye sindano iliyokipapasa pande zote, nukta maelfu kwa maelfu, na vipimo vikasafiri kwa waya wa simu hadi Sweden. Mwaka 1993 yeye na mwenzake Odén walieleza namna ya kutengeneza kofia ya ndani kwa alumina safi: kisiki kinachongwa upya kikiwa kimekuzwa, unga wa alumina unashindiliwa juu yake, kisha unachomwa hadi unywee na kulingana na kisiki cha asili. Hapo ndipo jino linalozaliwa kubwa lilipoingia katika kazi za kila siku za maabara. Zirikonia ilikuja kurithi.

Sasa mtazame fundi wa leo mbele ya skrini. Taya ya mgonjwa inaelea katikati. Ni uso tu usio na ndani, ulioshonwa kwa pembetatu ndogo zisizohesabika. Kazi ya kwanza ni kuonyesha ukingo, yaani mstari ambapo daktari aliacha kulichonga jino. Programu hupendekeza, ikifuata mahali uso unapopinda kwa ghafla, na kwenye kisiki kisafi hupatia. Ufizi ukiwa umevimba, au tone la mate limetulia pembeni, mambo hubadilika, maana skana haijui tofauti ya jino na mate. Yote kwake ni uso. Fundi huzima rangi za picha, kwa kuwa rangi hudanganya jicho likaona ukali usiokuwepo. Huligeuza jino, hulikata katikati kulitazama kwa ubavu, huweka nukta, huifuta, huiweka tena kidogo kulia. Dakika zinapita na mtu anayemtazama kwa mbali angedhani amesinzia.

Pale ukingo usipoonekana kabisa kuna njia mbili. Moja ni kuubuni: kuunganisha nukta mbili zinazoonekana na kuomba heri. Nyingine ni kunyanyua simu. "Dokta, habari za kazi. Samahani kukusumbua. Lile gego la chini kushoto, upande wa ulimi, ukingo umezama. Naomba umwite mgonjwa urudie kipimo." Simu hiyo si nyepesi. Daktari ndiye mteja, mgonjwa ameshaondoka, na mara nyingi fundi ni mdogo kwa umri na kwa cheo. Ukitaka kujua kama maabara ni nzuri, usiulize ina mashine gani. Uliza kwa wiki wanapiga simu ngapi za namna hiyo.

Kisha kuna jambo la ncha. Ncha nyembamba inayomalizia kuchonga ina kipenyo cha milimita 0.6 hivi, na haiwezi kuingia kwenye pembe nyembamba kuliko yenyewe. Daktari akiacha kisiki chenye kingo kali, ndani ya kofia inatakiwa pembe kali ya kukipokea, na pembe hiyo haichongeki. Programu haigomi. Inachimba zaidi pale ili ncha ipite, na kofia inabaki na uwazi ndani ambao simenti itaujaza kwa unene usiotakiwa. Hapa ukubwa wa kuzaliwa unamsaidia fundi: kwa kuwa kofia imekuzwa, ncha ya 0.6 inafanya kazi kama ya 0.5 baada ya moto. Msaada ni mdogo. Fundi mwenye busara anapoona kingo kali kwenye skrini humwambia daktari mapema, na daktari mwenye busara hulainisha kisiki kinachofuata bila kununa.

Umbo la jino lenyewe hutoka kwenye maktaba ya programu. Unachagua gego, linashuka juu ya kisiki, zuri, lenye ncha zilizosimama na mabonde ya kina. Shida yake ni kwamba si la mtu yeyote. Ni gego la kijana asiyewahi kutafuna muwa. Mgonjwa wa miaka 60, ambaye meno yake mengine yamesagika kwa nusu karne ya mahindi ya kuchoma, akiwekewa gego hilo atahisi ana jiwe kinywani. Programu huonyesha kwa rangi nyekundu mahali kofia inapogonga jino la taya ya pili, na ina kitufe kinachokata wekundu wote kwa mbofyo mmoja. Matokeo ya mbofyo huo ni gego lenye vidimbwi bapa, linalogusa kila mahali na kutafuna vibaya. Fundi aliyekomaa haukimbilii. Anaishusha ncha moja kidogo, anausogeza mteremko wa tuta nje, anafungua na kufunga taya, anaangalia wekundu unavyohama. Ni kazi ileile ya vinara vya nta, isipokuwa kidole sasa kiko juu ya kipanya. Ndiyo maana, ningeulizwa, wanafunzi wa kazi hii wangeendelea kuchonga meno kadhaa kwa nta kabla ya kugusa programu. Mkono ukishajua kwa nini bonde liko pale, hautalifuta kwa mbofyo.

Baada ya umbo huja kulilaza jino ndani ya diski. Diski za siku hizi nyingi zina tabaka: juu nyepesi inayopitisha mwanga, chini nzito yenye rangi ya dentini. Kofia ikipandishwa milimita mbili inatoka nyeupe zaidi. Ikishushwa inatoka ya manjano. Fundi anachagua rangi kwa kuchagua kimo, na hataiona mpaka kesho. Wapo wanaopendelea diski nyeupe tupu na kupaka wenyewe kwa brashi kabla ya moto. Maji ya rangi hizo karibu yote yanafanana machoni. Watengenezaji huyatia rangi ya bandia, ya kijani au waridi, inayoungua yote, ili fundi aone tu wapi ameshapaka. Rangi ya kweli iko kwenye chumvi za madini: chuma huleta manjano na kahawia, ebiamu huleta wekundu hafifu. Anapaka mara mbili shingoni mwa jino, mara moja katikati, ncha anaiacha. Anahesabu mipako kwa sauti ya chini.

Kuna mahali kwetu ambapo ujuzi huu unapimwa kuliko ulivyokusudiwa na wenye viwanda. Kipimarangi kinachotumika zaidi duniani, cha kampuni ya VITA ya Ujerumani, kina vijino 16, vyote vikiwa safi. Katika maeneo mengi ya Arusha na ya Bonde la Ufa nchini Kenya, maji ya kunywa yana floridi nyingi, na watu waliokulia huko wana meno yenye madoa ya kahawia na mawingu meupe. Mtu wa Meru ya Arusha akivunjika jino moja, kijino gani kati ya 16 kitafanana na majirani zake? Hakuna. Fundi anahitaji picha iliyopigwa kwenye mwanga mzuri, au mgonjwa mwenyewe mbele yake, kisha anachora madoa hayo kwa brashi ya nywele chache juu ya kofia iliyokwisha kuiva, na kuichoma tena. Wapo wagonjwa wanaotaka jino jipya liwe jeupe, doa lisionekane. Wapo wanaotaka lifanane na ya kwao na ya ndugu zao. Kuchora doa la kahawia lionekane limeota lenyewe ni kazi ngumu kuliko kutengeneza weupe, na sijaona mashine inayoisogelea.

Nchi zetu zina masharti yake mengine. Tanuri linafanya kazi usiku, na umeme ukikatika saa nane za usiku, joto likiwa katikati ya mlima, kilichomo hakijaiva wala si kibichi. Kofia moja unaweza kuichonga upya. Daraja la meno sita likipindika hapo ni hasara ya diski, ya siku, na ya maelezo marefu kwa daktari. Kwa hiyo betri au jenereta ni sehemu ya tanuri, si anasa. Upande wa pili, hakuna mahali ambapo skana ina faida kama kwenye nchi zenye umbali. Kipimo cha meno kilichochukuliwa kwa uji wa alginati hupoteza maji na kunywea. Kinatakiwa kimiminiwe plasta mapema, kabla hakijadanganya. Fikiria kipimo hicho ndani ya basi kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam. Faili la skana linafika kabla basi halijatoka stendi, na halinywei njiani. Hata maabara isiyo na mashine ya kuchonga inaweza kusanifu yenyewe na kutuma faili kwa maabara yenye mashine, ikabaki na kazi ya kumalizia. Mpangilio huo naupenda kuliko kila mtu kukopa benki anunue mashine itakayolala nusu ya wiki.

Kumalizia kwenyewe hakusemwi vya kutosha. Zirikonia ikipakwa kioo juu tu inang'aa siku ya kwanza, kisha kioo kinalika na uso unaokwaruza ulio chini yake unaanza kula jino la upande wa pili. Ikisuguliwa vizuri ni mpole kwa jirani yake kuliko watu wanavyoidhania. Fundi hupita na raba zenye unga wa almasi, mbaya, ya kati, laini, kisha brashi na lahamu ya kung'arishia, bila kuruka hatua, kwa mkono mwepesi ili joto lisizalishe nyufa. Hakuna mgonjwa atakayeusifu uso huo. Atatafuna nao tu.

Na jino la mbele ni habari nyingine kabisa. Gego linaweza kuwa zirikonia tupu kutoka juu hadi chini. Kwenye jino la mbele mwanga unaingia, unatangatanga ndani na kutoka ukiwa umebadilika, na zirikonia peke yake, hata ya tabaka, mara nyingi huusimamisha mwanga mapema. Kwa hiyo fundi huiambia mashine ichonge kofia pungufu usoni, nusu milimita au zaidi, na pengo hilo analijaza kwa mkono: unga wa kauri uliokorogwa na maji, brashi ya nywele laini, karatasi ya kufyonza unyevu. Anaweka dentini, anaikata vidole vitatu vifupi karibu na ncha, kati yake anaingiza kauri ya bluu inayopita mwanga, pembeni chembe ya rangi ya kaharabu. Anajenga jino refu na nene kuliko jirani yake, kwa kuwa hii kauri nayo itanywea, na hapa hakuna nambari ya kusoma. Kuna kumbukumbu ya mkono. Motoni, nje, mgonjwa anakaa karibu na dirisha, fundi anatazama kwa mwanga wa mchana, anaongeza, anarudisha motoni. Inaweza kufika mara tatu. Ningekuwa mimi mwenye maabara, jino hilo moja ningelitoza bei ya magego mawili, na bado ningejua nimemnyonya fundi.